Leo ya Karani

Nasema mapema ili mtu asinilaumu: mimi ni mtu wa kushuku. Mtu nisiyemjua akinisalimia kwa uchangamfu mno, nabaki nikijiuliza anatafuta nini. Nikikaribishwa maji kwa watu, nayanusa kabla ya kuyagusa. Mama yangu alichoka nami zamani. Alisema hata malaika akinitokea nitamwomba kwanza aonyeshe karatasi zake. Kwa hiyo mnaponisikia nikimweleza Karani, mkumbuke ni nani anayeeleza. Nilimshuku yule mzee miezi mingi, kwa bidii, na kwa ushahidi ambao sehemu kubwa niliutengeneza mwenyewe.

Alikuwa karani wa kamati ya viwanja ya mtaa wetu hapa Kasongo. Kamati yenyewe ilikuwa watu watano na chumba kimoja chenye benchi. Mtu akitaka kujenga, alikuja na majirani wawili, akasema mbele yao kwamba mahali fulani ni pake, na maneno yake yakaandikwa kwenye rejista. Ugomvi ukitokea, aliyesema kwanza ndiye mwenye haki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote. Siku, basi, ilikuwa kila kitu. Ukiichezea siku ya mtu, umeihamisha nyumba yake.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitaeleza. Wanaojua wapo, na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Niliwahi kumuuliza, akasema, "Andika kazi yangu. Ukoo wangu hauna mashitaka." Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa hadi ikawa laini kama kitambaa cha kufutia vyombo, na mfukoni alikuwa na biki tatu, moja tu ikiandika. Hizo nyingine mbili aliwapa watu waliomwomba kalamu ghafla. Aliniambia kwamba mwenye nia njema atarudi kusema haiandiki, na mwenye nia mbaya ataondoka nayo. Nilimpenda kidogo siku ile, kisha nikajizuia.

Mimi nililetwa kuziingiza rejista hizo ndani ya kompyuta. Nilikuwa nimetoka kusoma Bukavu, nimerudi na mashine moja ndani ya sanduku la bati nililolipakata safari nzima, pamoja na sahani ya sola. Mtaa mzima uliniita binti wa mashini. Yeye aliniita "mwanangu," na hata hilo nililishuku, kwa sababu mtu anayekuja kuchukua kazi ya kalamu yako huwezi kumwita mwanao bila kuwa na lako moyoni.

Jambo la kwanza la kujua juu yake ni kwamba hakuandika tarehe kabla ya kuuliza watu watatu. Kila asubuhi alisimama mlangoni. Wa kwanza alikuwa mtu anayetoka msikitini, wa pili mtu anayepita kwenda shule ya misheni, na wa tatu lazima awe msafiri, kwa kawaida dereva wa pikipiki aliyefika kutoka Nyangwe au anayejiandaa kwenda Kabambare. "Leo ni siku gani?" aliwauliza, mmoja mmoja, wasisikiane. Wakikubaliana, aliingia ndani akaandika. Wakitofautiana, alitafuta wengine watatu. Watu walimcheka lakini walijibu, na baadhi, najua, waliiangalia kalenda nyumbani kabla ya kupita pale ili wasiaibike.

Simu hakuitaka. Siku moja mvua ilininyeshea, nikatoa betri ili ikauke, na nilipoirudisha simu ikaonyesha mwaka wa zamani sana. Kwa bahati mbaya akaiona.

"Hii simu yako inasema miye ningali kijana," alisema. "Nani aliiambia?"

"Ilitolewa betri tu, Baba Karani."

"Basi siku haiijui. Inakumbushwaga tu."

Chini ya tarehe aliongeza jambo moja lililotokea. Hilo lilikuwa la lazima kwake kama tarehe yenyewe. Nilisoma vichwa vya baadhi ya kurasa zake nikicheka peke yangu: Jumanne, siku upepo ulipoezua duka la chumvi. Alhamisi, siku ng'ombe alipoingia msikitini. Jumamosi, siku mitumbwi miwili ilipofika Nyangwe na samaki waliooza. Baada ya hapo, kila mstari wa ukurasa ulianza na neno moja, Leo. Leo amefika fulani na majirani wake fulani na fulani, anasema hivi na hivi. Tarehe hakuirudia kamwe.

Nilimwambia huo ni uvivu. Hakukasirika. Alisogeza rejista, akaweka kidole kwenye kichwa cha ukurasa.

"Ukiandika tarehe kwa kila mustari, umemupa mwizi milango makumi mbili. Anafuta moja, hakuna anayejua. Miye naweka mulango mumoja, huku juu, na watu wote wa ukurasa wanaulinda. Mutu akitaka kubadilisha siku yake, itabidi abadilishe ya wote, na wale wote wako na midomo."

"Na ng'ombe?"

"Tarehe watu wanasahauga. Ng'ombe mu musikiti, hapana."

Maneno hayo yalikuwa ya akili, na mimi ndiyo maana niliyaogopa. Mtu anayejua hivyo jinsi mwizi anavyofuta tarehe, nilijiambia, ameyajulia wapi? Kwenye fomu yangu ya kompyuta hapakuwa na nafasi ya ng'ombe, wala sikuitengeneza. Vichwa vya kurasa niliviona ni mapambo ya mzee. Nikaandika mistari tu, neno kwa neno, kama alivyoniomba. "Usinisahihishe," alisema. "Nikiandika leo, nawe andika leo."

Hapa lazima nieleze kazi yangu kidogo, na nitajaribu kutochosha. Ndani ya programu niliyoitunga kulikuwa na sehemu niliyoiita msomaji. Kazi yake ni kupokea sentensi, kuipasua vipande, na kukiweka kila kipande mahali pake: hili jina la mtu, hiki kiwanja, hii siku. Msomaji anajua pia maagizo, yaani maneno yanayoiamuru mashine ifanye kitu, kama kuhesabu au kupanga. Kila agizo huandikwa na mabano baada yake, na msomaji hulitambua kwa hayo mabano. Lakini leo na sasa ni maneno ya ajabu. Ni maagizo, kwa sababu yanaiamuru mashine iitazame saa yake, ila watu huyaandika peke yake, bila mabano. Mara ya kwanza msomaji wangu alipokutana na leo alidhani ni jina la safu fulani kwenye jedwali, akaitafuta, akaikosa, akagoma. Nilikaa siku mbili na tatizo hilo. Mwisho nikamfundisha njia ya mkato: ukiona leo, jifanye umeona mabano, ulihifadhi kama agizo lingine lolote.

Nilijaribu mchana uleule. Karani aliandika mstari, nami nikauingiza, nikaufungua. Tarehe ikatokea, sahihi kabisa. Nilijisikia bingwa. Nilimwita aje aone.

Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Kisha akauliza, "Na ukiiuliza kesho, itajibu nini?"

Nikamjibu kwamba mashine haisahau. Aligeuka akarudi kwenye meza yake. Nilidhani ameshindwa na wivu. Leo hii nikikumbuka swali lile naona aibu ya kunipandisha joto masikioni, kwa sababu kosa langu lote aliliweka mbele yangu kwa maneno matano, na mimi nikampa jibu la kumnyamazisha.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Sanduku la rejista alilifunga kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi, hata akienda swala ya Ijumaa. Nyumba yake lakini haikuwa na kufuli. Niliwahi kupita pale yeye hayupo, nikakuta mwanamke nisiyemjua akijitekea maji kwenye mtungi wake, na mwingine akiazima mwavuli. Kwenye kamati hakunywa chai ya mtu yeyote mwenye maneno ya kuandikisha, hata kikombe kimoja, hata kama ni shemeji yake. Njiani alikula muhogo wa kuchoma wa yeyote aliyemkata kipande. Mtu aliyemtukana alimjibu kwa upole. Mtu aliyeweka rejista chini kwenye vumbi alimfokea mpaka majirani wakatoka. Na mtu alipokuja kueleza habari ya marehemu wake, Karani alinyanyuka, akaigeuza kompyuta yangu ikatazama ukuta, kisha akakaa kusikiliza. Nilipolalamika alisema, "Haya si yake." Kwa mtu kama mimi, mzee anayegeuza mashine ukutani ana jambo la kuficha.

Basi ikaja habari ya mama wa matofali.

Alikuwa mjane aliyechoma matofali kwa mikono yake kwenye kiwanja karibu na njia ya soko. Tanuri lake lilikuwa pale, na matofali yamepangwa tayari kwa nyumba ya vyumba viwili. Jirani yake, mfanyabiashara mwenye ghala, akasema kiwanja ni chake, na kwamba yeye ndiye aliyesema kwanza mbele ya kamati. Maneno ya mfanyabiashara yalikuwa yameandikwa wiki ambayo Karani aliugua malaria. Rejista ilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli, ufunguo uko shingoni mwa mgonjwa, kwa hiyo Shefu wa kamati alichukua karatasi ya pembeni akaandika mwenyewe, na akaweka tarehe kwa tarakimu: Jumatano fulani. Maneno ya mama yalikuwa kwenye rejista ya Karani, na mwanzo wake ulikuwa, kama kawaida, Leo.

Mama aliomba nakala. Nikamchapia, na tarehe ikasema ndiyo kwanza amekuja wiki hii. Akasema si kweli, alikuja miezi mingi nyuma, tanuri lake likiwa bado halijawashwa. Siku tatu baadaye Shefu akaomba nakala nyingine kwa ajili ya kikao. Nikachapa. Tarehe imesogea siku tatu mbele.

Niliziweka karatasi mbili kando kwa kando. Mtu alikuwa anaingia kwenye mashine yangu na kubadilisha siku. Nani? Chumba kilikuwa na funguo mbili, moja yangu, moja ya Karani. Sikujiuliza kwa nini mtu anayemsaidia mama aisogeze siku yake mbele, ambako kunamuumiza, wala kwa nini mtu anayemdhulumu aisogeze kila mara. Nilikuwa na mshukiwa, na mshukiwa akishapatikana mimi huwa sihitaji sababu.

Nikabadilisha neno la siri. Tarehe ikasogea. Nikanyunyiza unga wa chaki juu ya vitufe, nikafunga mlango, nikarudi asubuhi. Unga ulikuwa vilevile, hata alama ya panya haikuwepo, na tarehe imesogea. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo afikiri. Mimi nilimshuku zaidi. Nilisema huyu mzee anajua njia ambayo hata mimi siijui.

Karani mwenyewe alikuja kwenye meza yangu siku hizo. "Mwanangu," alisema, "ile mashini iko inasema uongo. Huyu mama miye nilimuandika zamani." Nilimtazama usoni nikaona mwizi anayewahi kupiga kelele za mwizi.

Kwenye kikao nilisema yote: karatasi mbili, funguo mbili, unga. Nilisema vizuri, nimesoma, najua kupanga maneno. Mama wa matofali alikaa kwenye benchi akinitazama bila kuelewa kwa nini habari ya kiwanja chake imekuwa habari ya chaki. Shefu alikataa rejista kufunguliwa; alisema mashine ililetwa ili tuachane na vitabu. Akamwomba Karani ufunguo.

Karani aliuvua uzi shingoni taratibu, kofia ikamzuia kidogo, akauweka mezani. Alisema maneno machache tu. "Mumeniuliza ufunguo. Siku hamujaniuliza."

Niliyachukua kama tishio. Wiki haikuisha akawa amehamia Kabambare kwa binti yake. Mtaani walianza kusema kwamba alikuwa akila viwanja vya wajane, na aliyelianzisha neno hilo ni mimi, ingawa sikulisema hivyo. Mama aliambiwa asiguse tena kiwanja. Mfanyabiashara akaanza kuleta mawe ya msingi, akayashusha kando ya matofali yake.

Aliyenifunulia kosa langu ni mwanaume mmoja mpole, mkulima, aliyekuja kuchukua karatasi ya kiwanja cha baba yake. Nikamchapia. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia, kisha akaiweka mbele yangu.

"Dada, hapa munasema baba yangu amekufa leo."

Niliangalia. Ndivyo ilivyoandikwa: mwenye kiwanja amefariki, na tarehe ya siku ileile tuliyosimama.

"Tulimuzika kabla ya mahindi kuvunwa," alisema. "Sasa munamuua tena?"

Nilikaa. Mstari ule niliuingiza kwa mkono wangu siku ya mazishi, Karani alipoandika: Leo imeletwa habari kwamba fulani amefariki leo. Nikaufungua mara ya pili, nikaisogeza saa ya kompyuta mbele siku kumi, nikafungua tena. Marehemu akafa siku kumi mbele. Hakuna mtu aliyeingia kwenye mashine. Mashine haikuwa imeweka siku yoyote. Ilikuwa imeweka agizo, na kila nilipofungua ukurasa agizo lilienda kwa saa likauliza upya. Ukiiuliza kesho, itajibu nini? Itajibu kesho.

Kumrekebisha msomaji kulinichukua wiki mbili, na sehemu ngumu haikuwa kuandika, ilikuwa kukubali kwamba Karani alikuwa ameshaeleza jinsi ya kufanya. Nikalitoa leo kwenye kundi la maagizo, nikalipa kundi lake peke yake. Nikamfundisha msomaji alihifadhi kama lilivyoandikwa, bila mabano ya kujifanya, na pembeni yake aweke ukurasa lilikotoka. Kisha aangalie limesemwa kwa namna gani. Mtu akiuliza, nani wamefika leo, aiulize saa ya sasa hivi. Mtu akitoa ushuhuda, amefika leo, asiiguse saa. Apande juu akasome kichwa cha ukurasa. Na kichwa kikikosekana, asijaze chochote. Aseme sijui.

Ndipo nikamweleza Shefu. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alinipa tu ufunguo wa sanduku. Nikaanza kuviingiza vichwa vyote, ng'ombe na upepo na samaki, na tarehe zikarudi mahali pake moja baada ya nyingine. Mpaka nikafika ukurasa wa mama wa matofali. Mchwa walikuwa wameingia kwenye sanduku wakati hakuna aliyelifungua, na wamekula sehemu ya juu, upana wa vidole vitatu. Mistari ilibaki. Kichwa hakuna.

Mashine ikasema sijui.

Ukurasa wa kabla yake ulikuwa Jumamosi. Wa baada yake, Jumamosi iliyofuata. Ile Jumatano ya mfanyabiashara ilikuwa katikati. Mama alikuja kabla ya malaria ya Karani, au baada? Majirani wake wawili, mmoja alikuwa amefariki, mwingine amehamia mbali na hakuna aliyejua aliko. Mama mwenyewe alisema alikuja siku moja ya jua baada ya mvua, na Shefu akasema, kwa haki kabisa, kwamba mwenye kesi hawezi kuwa shahidi wake. "Bila siku," akaniambia, "nitamuacha mwenye mawe ajenge. Kikao ni wiki ijayo."

Kwa hiyo nikapanda pikipiki kwenda Kabambare.

Njia ile siielezi. Wanaoijua wanaijua, na mgongo wangu unaikumbuka. Siku nzima na nusu ya pili nilikuwa nyuma ya dereva nikishuku. Kwamba atakataa kuniona. Kwamba ataniona na kukaa kimya ili nionje uchungu. Kwamba atanipa siku yoyote ya uongo, Jumatatu au Ijumaa, kwa kisasi au kwa huruma, na mimi sitakuwa na njia ya kujua. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Nilikuwa naenda kumwomba neno mtu ambaye mimi ndiye niliyefundisha mtaa mzima usiamini neno lake.

Nilimkuta barazani kwa binti yake akibambua karanga kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa ileile. Hakushangaa.

"Karibu, mwanangu. Njia ilikuwa aje?"

"Matope, Baba Karani."

Alimwita binti yake, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, ninawe uso. Nikakipokea. Sikufikiri, mkono ulikipeleka puani wenyewe.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka karanga zikamwagika kutoka kwenye ungo, akajifuta macho kwa kona ya kanzu. "Ni wewe kweli," alisema. "Bado unanusa. Sasa uliza kilichokuleta."

Nikamuuliza. Mama wa matofali alikuja siku gani? Nikamweleza mchwa, vidole vitatu, Jumamosi mbili.

Hakufikiri hata kidogo. "Jumatatu. Siku alipofika binti wa mashini, akanusa maji."

Nilibaki na kikombe mkononi.

"Ndivyo nilivyoandika juu," alisema. "Ulifika na matope mpaka magoti, sanduku lako kwenye mapaja, hata kulishusha chini ulikataa. Yule mama alikuwa anasema maneno yake. Akasogea kwenye benchi, akakupa nafasi. Akakuchotea maji unawe miguu. Ukayanusa mbele yake. Akanitazama, nikamutazama. Kesho yake malaria ikanishika."

Na nikaona. Sikuona uso, kwa sababu sikuuangalia, macho yangu yote siku ile yalikuwa kwenye sanduku. Niliona miguu. Miguu ya mwanamke kwenye kandambili, na vumbi jekundu la matofali limeingia kwenye nyufa za visigino. Niliona kikombe. Nilikuwa nimelala Nyangwe Jumapili na kufika Kasongo Jumatatu, hilo nalijua kama jina langu. Ndiyo siku niliyoanza kazi. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama yule wakati anaandikwa. Shahidi niliyemtafuta kwa pikipiki siku moja na nusu alikuwa mimi.

Niseme sasa, ili msisubiri: kwenye kikao nilisimama nikasema nilikuwepo, nikaeleza maji, mbele ya watu wote, na mama wa matofali akasema, "Ni kweli, ni huyu, nilimusahau kwa sababu alikonda." Kiwanja kikarudi kwake. Mawe ya mfanyabiashara yalichukua muda kuondolewa, na vyumba viwili sasa vina paa.

Lakini kabla ya hapo, pale barazani, Karani aliniambia niandike ushuhuda wake, ili autie sahihi. Nikafungua daftari. Akaweka kidole juu ya ukurasa. "Siku."

Nikatoa simu. Akanitazama tu. Nikairudisha mfukoni, nikatoka njiani. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anarudi kutoka msikitini, nikamuuliza mwalimu aliyebeba madaftari, nikamuuliza dereva wangu aliyekuwa anasafisha mnyororo. Wote watatu, Ijumaa. Nikarudi nikaandika Ijumaa.

"Siku ya nini?" akauliza.

Nilifikiri, kisha nikaandika chini yake: siku binti wa mashini alipokuja Kabambare kuomba msamaha. Nikamgeuzia daftari. Alisoma polepole, midomo ikitembea, kisha akanirudishia bila kutia sahihi.

"Umeuliza siku," alisema. "Hili lingine bado halijatokea, mwanangu, nami siandikagi kitu hakijatokea."

Nikaweka biki chini, nikapiga magoti kwenye maganda ya karanga, nikamwomba.